Kidonda cha Mbogo

"Nani kachinja?"

Aliyeuliza ni mzee mmoja wa mtaa wa pili, sahani ya pilau imeshatua magotini pake na mkono wake bado haujaigusa. Tulikuwa msibani kwa shemeji yangu Elieza, hapa hapa Ndungu, tumetoka kumzika kwa nyimbo za Kilutheri na msalaba wa mbao kichwani pa kaburi, na bado yule mzee, kofia yake ya kiua kichwani, alikuwa na haki kabisa ya kuuliza. Kwetu hapa chini ya milima ya Upare tumbo moja linaweza kuzaa wa kanisani na wa msikitini, wakakua pamoja na kula sinia moja, na kinacholifanya sinia libaki moja ni kisu cha Mwislamu. Mnyama akichinjwa na Mkristo, nusu ya nyumba inakula mboga za majani. Akikata roho mwenyewe kabla kisu hakijamfikia ni kibudu, na hapo ndipo jirani anapomwona jirani akitafuna huku yeye anakula kwa macho. Kwa hiyo hata msiba uwe wa mzee wa kanisa, atatafutwa kijana wa msikitini aje kuchinja. "Kachinja kijana wa Mama Rukia," sauti ilijibu kutoka jikoni. Mzee akasema bismillahi, akaanza kula. Mimi sikuweza. Binti wa Elieza alikuja akachuchumaa mbele yangu, macho yamemvimba, akanibembeleza: "Mama mdogo, tia hata tonge moja, tangu jana hujala." Nikamwambia nimeshiba, aende kwa wageni.

Walidhani namlilia Elieza. Nilimlilia, ndiyo, maana alikuwa mtu mwema na tulizeeka pamoja kama ndugu. Lakini swali lile lina mwenyewe, na mwenyewe ni mdogo wake Elieza, Hamisi, mume wangu, ambaye kwa miaka yote niliyoishi naye ndiye aliyekuwa jibu lake. Nani kachinja? Hamisi. Watu wakala. Mambo ya ukoo nawaachia wanaoyapenda. Itoshe kwamba mama mkwe wangu aliwazaa wote wawili, mkubwa akabatizwa shuleni, mdogo akabaki kwenye dini ya mama yake, na hakuna aliyegombana na mwenzake kwa hilo. Nataka kueleza mwaka mmoja tu. Wengi wa waliokuwemo katika mwaka ule wamekwisha, na sasa Elieza naye amekwenda, na sina tena mtu wa kukaa naye tukanyamaza juu ya jambo lile lile.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu vimepangana mmoja baada ya mwingine: cha mama mkwe mbele, cha Elieza katikati, maana alikuwa hajaoa bado, na chetu mwisho, kimeegemeana na jiko. Kuta hazikufika kwenye bati. Fundi aliishiwa matofali, akasema atarudi, na hakurudi. Kwa hiyo katika nyumba ile hapakuwa na siri. Mtu akigeuka kitandani mwake chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho alijua amelalia ubavu gani. Jioni tulikula makande kwenye sinia moja, kisha chai ya tangawizi iliyoshuka kutoka mlimani kwa ndugu zake mama, kali hadi inakutoa machozi. Juu ya mlango wa Elieza palining'inia gobore lake, alilokuwa na ruhusa nalo kwa ajili ya kulinda mashamba. Chini ya kitanda chetu palikuwa na kopo la gololi za baiskeli, kwa kuwa Hamisi alikuwa fundi baiskeli siku ambazo hakuna wa kumwita achinje, na Elieza alikuwa na tabia ya kuchota gololi zile akazitumia kama risasi.

"Kaka, umechota tena?" Hamisi angesema, akilitikisa kopo kusikiliza zilizobaki. "Baiskeli za watu zitazunguka kwa nini, kwa maombi?"

"Wewe kula nyama, usiulize imetoka wapi."

"Bila kisu changu utakula peke yako na mchungaji wako. Mimi na mama tutakuangalia meno."

Mama mkwe angecheka mpaka apaliwe na chai. Nilikuwa mwanamke mdogo, sina mtoto bado, nimeolewa na mtu anayenichekesha, na nilidhani maisha ndiyo hayo, yataendelea kuwa hayo. Hakuna aliyeniambia kwamba jioni za namna ile huwa na mwisho.

Mwaka ule mpunga ulikuwa unaiva vizuri na mbogo mmoja, dume zee lililojitenga na kundi, alizoea kutoka porini alfajiri kuja kulala ndani ya mpunga wa watu. Pori lile siku hizi ni hifadhi, watalii wanakuja na magari yaliyo wazi juu. Wakati ule kwetu lilikuwa upande ambao hasara hutokea. Elieza alipata kibali kwa bwana nyama, ofisa wa wanyamapori, akamvizia mbogo. Asubuhi ile nilikuwa juu ya dungu, kile kitanda cha miti tunachokaa kufukuzia ndege, na Hamisi amenifuata na chupa ya chai. Gobore lililia. Niliona moshi kwanza, halafu nikamwona mbogo akiinuka kutoka kwenye mpunga, mweusi, amelowa, akapiga goti moja kama anayesali, akainuka tena, akavuka mfereji, akapotelea kwenye vichaka vya miswaki. Mguu wa mbele wa kushoto alikuwa anauburuta.

Hapo sasa ndipo sheria mbili zilipokutana, na nimezifikiria maisha yangu yote wala sijaona ni ipi ya kuilaumu. Sheria ya mwindaji inasema: ukishampiga mbogo, kaa chini. Usimfuate. Mwache alale, damu imtoke, misuli ikakamae, ndipo uende taratibu ukiwa na bunduki iliyojaa. Sheria ya mchinjaji inasema: wahi. Mfikie roho ingalimo, mwelekeze, mtaje Mungu, mkate. Ukichelewa, ni kibudu. Elieza alikuwa mwindaji, na Hamisi alikuwa mchinjaji. Wote wawili walikuwa wanafanya sawasawa walivyofundishwa.

"Kaa chini, Hamisi," Elieza alimwambia, yeye mwenyewe ameketi kwenye jaruba na kuanza kumimina baruti upya. "Tunywe chai kwanza."

"Tukinywa chai atakufa."

"Si ndiyo tunachotaka?"

"Wewe ndiyo unachotaka. Hawa je?"

Hawa walikuwa wamekwisha kutokea. Mlio wa gobore kwetu ulikuwa ni tangazo. Walikuja na visu, na mabeseni, na magunia, wanawake wamejifunga kanga vifuani, wazee wanachechemea, maana nyama walikuwa hawajaiona tangu Idi, na nusu yao walikuwa watu wa msikitini wanaomtegemea mtu mmoja. "Hamisi, wahi!" walipiga kelele kutoka kwenye tuta. "Hamisi, wahi, atakata roho!" Walisema hivyo kwa kumpenda. Alinikabidhi chupa ya chai, akachomoa kisu alani, akanitazama kwa uso ule wa kutaka kuchekesha, akaruka mfereji. Elieza alimwita kwa jina lake lote. Gobore si kitu cha kushindilia huku unakimbia. Alikuwa bado na ule uzi wa chuma wa kushindilia baruti mkononi wakati mdogo wake anaingia miswakini.

Kilichotokea humo nilikuja kukielewa baadaye, Elieza aliponionyesha nyayo kwa kidole. Mbogo alikuwa amekipita kichaka kimoja kinene, akaenda mbele, kisha akarudi kwa kuzunguka, akasimama ndani ya kichaka kile kile alichokipita, anaitazama njia yake mwenyewe. Hamisi alikuwa ameinama anafuata damu, tone kwa tone juu ya majani, anaharakisha. Alitokewa ubavuni. Pembe iliingia kwenye nyonga, ikamwinua. Sisi wa nyuma tulisikia sauti ya kitu kama gunia linalotupwa kutoka kwenye lori, halafu matawi, halafu watu wakawa wanakimbia kurudi nyuma wakinipita, mabeseni yanaanguka na kubingirika. Nilikwenda mbele. Nilimkuta amekaa, mgongo kwenye mti, kisu bado anacho, anaangalia paja lake kwa mshangao. "Nambua," aliniambia, "sikumwahi."

Alasiri ile, Hamisi akiwa amekwisha kupelekwa hospitali nyuma ya pikapu ya mfanyabiashara wa mpunga, Elieza alirudi kuutafuta mwanzo wa njia. Alikwenda na Lemburis, mfugaji wa Kimasai ambaye ng'ombe wake walikunywa upande ule na aliyelijua pori kuliko sisi. Hawakupata kitu cha kufuata. Watu walikuwa wamepakanyaga pote, na damu ya mbogo na damu ya mume wangu zilikuwa zimechanganyika kwenye udongo ule ule, hata anayezifuata asijue anamfuata nani. Elieza alirudi na kiatu kimoja cha Hamisi. Alikiweka juu ya meza akakaa mbele yake, hakula.

Hospitali walifanya walichoweza, na sina neno nao. Waliniambia uchafu umeingia kwenye mfupa. Kidonda kitafunga juu na kupasukia pembeni, na dawa itabidi ivumiliwe. Tulimrudisha nyumbani. Kuanzia hapo mwaka wangu wote ulikuwa ni beseni. Asubuhi nilichemsha maji, nikayaacha yapoe mpaka vuguvugu, nikatia chumvi na kuonja kwa ncha ya ulimi isizidi, nikachemsha vitambaa, nikaketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa akitia pembe ya shuka mdomoni na kuiuma. Nikifika pale penye mfupa angeitoa ili aseme, "Polepole, Nambua," halafu airudishe. Jioni tena hivyo hivyo. Mwanzoni watu walimletea baiskeli hadi kitandani, akawa anakaza spoku amelala, mafuta yanachuruzika shukani, nami nagomba. Baadaye harufu ya chumba ikawazidi, wakaacha kuleta.

Waliokuja kumpa pole walikuja na methali zao. Watu wazima wana ugonjwa huo. Wakikosa la kufanya wanatoa methali, halafu wanaomba chai. Haraka haraka haina baraka, alisema mmoja wa wale wale waliosimama juu ya tuta wakipiga kelele "Wahi!" Subira yavuta heri. Kazi ya Mungu haina makosa. Jirani mmoja alijifunika pua kwa ncha ya kanga, akanong'ona mlangoni kwamba la kuvunda halina ubani, na mimi nikamtoa na ubani wake mpaka barabarani, nikamwambia asirudi. Aliposikia, Hamisi alicheka mle ndani. Ilikuwa ni mara ya mwisho kusikia kicheko chake cha zamani, kile cha kuanzia tumboni.

Mama mkwe hakutoa methali. Jioni moja wakati tunakula alisema kwa Kipare, kama anayezungumzia hali ya mvua, kwamba bibi yake kule Chome alimwambia jambo: mnyama aliyejeruhiwa akamjeruhi mtu, hao wawili wamefungwa kamba moja. Yule akitembea na kidonda chake porini, huyu naye atabaki na chake kitandani. Lazima apatikane, akatwe ngozi iliyozunguka kidonda, ichomwe, moshi upite chini ya kitanda. Elieza alikuwa mtu wa kanisa. Alisema, "Mama, mambo hayo ya zamani," akameza tonge. Lakini nyuma ya ukuta usiofika darini mtu alikuwa macho, na sauti ikaja juu ya matofali, nyembamba: "Kaka. Mtafuteni."

Ndivyo tumaini la mume wangu lilivyopata mahali pa kukaa. Hakuna aliyelipeleka huko kwa ubaya. Mtu aliyelala na mfupa unaooza ataamini chochote chenye mlango. Kuanzia siku ile hakuniuliza tena kama kidonda kimepungua, aliuliza kama Elieza amerudi, na Elieza akirudi aliuliza, "Mmemwona?" Alipata nguvu za kula. Alianza kupanga: akipona atahamishia kazi yake ya baiskeli barabarani, atanijengea jiko lenye bomba la moshi. Nami, niseme nini? Nilimsikiliza akipanga, nikajikuta namngojea mbogo yule kuliko nilivyowahi kumngojea mtu yeyote.

Kulikuwa na sharti. Mama mkwe alisema anayelala chumba kimoja na mgonjwa lazima awepo, ndiyo maana safari za kwanza Elieza na Lemburis hawakumpata. Kwa hiyo siku moja ya kiangazi nilivaa suruali ya Hamisi chini ya gauni, nikawafuata Elieza na Lemburis. Tulianzia kwenye bwawa dogo la mifugo, mahali Lemburis alipoona alama. Mbogo aliyeumia mguu anaandika: kwato tatu zinakanyaga, ya nne inaburuta na kuacha mstari vumbini, kama mtoto anayetembea huku anakokota fimbo. Tulifuata mstari ule. Ulipopita kwenye mawe ulipotea na Lemburis akawa anazunguka mbele, ameinamisha kichwa, mpaka aupate tena. Ulipofika kwenye miswaki alisimama na kukizunguka kila kichaka kwa mbali kabla hatujakipita. Elieza alitembea na gobore limeshindiliwa, uso wake umekauka. Hakuna aliyenizuia wala kunihurumia, na niliwashukuru kwa hilo.

Tulikuta alipolala. Nyasi zilikuwa zimebonyea umbo la mwili wake, na kwenye majani ya usawa wa bega palikuwa na kitu cha manjano kimekauka, nzi wametua. Lemburis alinusa akageuza uso. Mimi sikuhitaji kunusa. Ilikuwa ni harufu ya chumba changu. Ilikuwa ile ile, ninayoifulia kila siku na haitoki, na nilisimama pale porini nikafurahi. Nilifurahi kwamba bado kinamuuma, kwamba halali vizuri, kwamba anaoza naye, na nilimwomba Mungu aendelee kumuoza mpaka tumfikie. Mstari ulitupeleka hadi kwenye mwamba uliopakwa rangi nyeupe, mpaka wa pori la akiba la serikali. Ulipita pembeni mwa mwamba, ukaingia ndani. Elieza alisimama. "Shemeji," aliniambia, "kibali changu kinaishia hapa. Nikivuka mimi ni jangili." Lemburis alikaa chini na kuanza kutoa miiba kwenye kiatu chake cha tairi. Nilitamani kuvuka peke yangu na kisu cha jikoni.

Jioni ile Hamisi alitaka kuelezwa kila kitu. Nilimweleza nyasi zilizobonyea, majani, nzi. "Kinanuka?" aliuliza. Nikasema kinanuka. "Kama hiki?" Nikasema kama hicho. Alilala chali akitabasamu kuelekea kwenye bati, akaomba makande, akala bakuli zima, akasema, "Basi tuko pamoja."

Halafu mvua zikanyesha zikafuta kila kitu kilichoandikwa chini. Majani yakafunga njia. Elieza alikuwa akitoka, anarudi amelowa, anatikisa kichwa mlangoni kabla hajaulizwa. Mguu wa Hamisi ulikonda mpaka ukawa kama wa mtu mwingine aliyelazwa naye. Homa zilianza kumtembelea. Nilikuwa nikiamka nasikiliza anavyopumua, najisemea, mnyama akifa huko ndani bila sisi kujua, itakuwaje? Na akipona? Hilo la pili nililifukuza kila lilipokuja. Wala halikuwa likija mara nyingi, maana ile harufu nilikuwa nimeisikia mwenyewe.

Mvua zilipokwisha Lemburis alikuja asubuhi, akaketi uani, akakataa chai mpaka amalize kusema. Dume lenye kilema limerudi upande wetu. Limewafukuza wanawake waliokuwa wakichota maji bwawani. Safari hii bwana nyama mwenyewe alikuja na bunduki ya serikali, na Elieza akamwomba nisiachwe, akatoa sababu fulani ya uongo. Tulimkuta kivulini, mchana kweupe, anacheua. Hakuwa mgumu kumpata. Nyuma yetu alikuja kijana wa msikitini na kisu kipya, ameitwa ili achinje. Bwana nyama alipiga, akapiga tena, mbogo akaenda chini na kukoroma. "Wahi," Elieza alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama yule kijana. Kijana alisimama. Alitazama kichwa kile kikiinuka na kuanguka, akanitazama mimi, na miguu yake haikwenda, na nani angemlaumu? Tulisubiri wote, kwa utaratibu, kama sheria ya mwindaji inavyotaka. Bwana nyama alipomgusa jicho kwa kijiti, alikuwa amekwisha kufa. Kijana akarudisha kisu alani, akalia.

Elieza alikuwa ameshapiga magoti kwenye bega la kushoto. Alipapasa. Akahamia bega la pili, akapapasa, akarudi la kwanza. "Siye," alisema. "Huyu siye." Mbogo alikuwa amenona. Manyoya yake yalikuwa yanang'aa kwa majani ya masika. Begani palikuwa na kovu kama la chanjo kubwa, limekaza, kavu, na vinywele vya kijivu vimeanza kuota juu yake. Bwana nyama, ambaye hakujua tunatafuta nini, alipasua pale kwa kisu ili amsaidie, akachimba mpaka kwenye mfupa, akatoa kitu akakifuta kwenye suruali na kumpa Elieza kiganjani. Ilikuwa gololi ya baiskeli.

Bado aliikata ngozi ile. Mama alikuwa ameiagiza, na sidhani kama Elieza alikuwa na akili ya kufanya jambo jingine. Aliifunga kwenye jani la mgomba. Tulipoingia uani nilikwenda moja kwa moja kwa Hamisi, nikaketi kwenye kigoda, nikasema jua kali, na yeye alikuwa anasikiliza jikoni. Tulisikia jani likifunguliwa.

"Kidonda kiko wapi?" mama aliuliza.

"Ndicho hicho, mama."

"Hili ni kovu."

"Ndiyo, mama."

Moto ulialika. Kisha mama, kwa sauti ya chini sana: "Mwambie hukumpata."

"Mama," Elieza alisema, "ukuta haufiki darini."

"Leteni nione," Hamisi aliita.

Elieza aliingia nayo mikononi kama anayebeba sahani ya mgeni. Hamisi aliipokea, akaiweka kifuani, akaanza kulipapasa kovu kwa kidole gumba, kuzunguka, taratibu, kama alivyokuwa akipapasa kiraka cha tyubu kuona kama kimeshika. "Kimefunga vizuri," alisema. Alimtazama kaka yake. "Nani kachinja?"

"Hakuna. Alikata roho."

"Basi msile." Elieza akatikisa kichwa kukubali, machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu, akatoka. Hamisi alishika kidole changu. Alikiweka juu ya kovu la ngozi ile, kavu, gumu, halafu akakiweka ukingoni mwa kidonda chake chenye maji. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Huyu alilala porini, Nambua," aliniambia. "Hakuwa na mtu wa kumwosha."

Watu wameniambia tangu wakati ule kwamba hakukusudia kuniumiza, kwamba alikuwa akimshangaa Mungu. Najua. Nimeolewa naye mimi, si wao. Lakini mwaka mzima mikono yangu ilikuwa kwenye maji yale, na katika mwaka ule ule, umbali wa kutembea kutoka kwenye beseni langu, nzi na vumbi na mvua viliponya kile ambacho mimi sikuweza. Laiti tusingempata. Angeendelea kumngojea, na kungojea kulikuwa kunamlisha. Ngozi ile Elieza aliifukia, hakuichoma. Gobore alilirudisha serikalini, na tangu hapo katika kila karamu, yeye Mlutheri asiyekatazwa kitu, alisubiri mpaka asikie jibu la nani kachinja ndipo anyooshe mkono. Mara nyingi alikuwa akinitazama wakati anasubiri. Jana msibani hapakuwa na wa kunitazama.

Hamisi hakuuliza tena lolote. Hakugoma, alikula nilichompa, alinywa alichopewa, alinigeuzia ubavu nilipomwambia ageuke. Mpunga ulipokuwa kijani tena alikata roho, asubuhi, mimi nikiwa nimetoka kwenda kuwasha moto wa maji. Sheikh aliniambia sheria inamruhusu mke kumwosha mumewe, kama ninaweza, na kama siwezi wapo wanaume nje. Nikamwambia ninaweza. Nilileta lile beseni. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kutia chumvi na kuonja kabla sijakumbuka kwamba haihitajiki. Sikuyamwaga maji yale. Nilianzia kulia kama nilivyoelekezwa, nikashuka mpaka kwenye nyonga, nikafika pale penye mfupa, nikasimama, nikamsubiri aseme. Kisha nikaendelea, polepole vile vile.